Mjumbe Hauawi, Ila Huzomewa

Pale sokoni Kalerwe wauza nyanya hawanijui kwa jina langu. Wananiita Mkubwa. Alianza Mama Furaha, mama wa Kikongo anayeuza dagaa kando ya barabara, siku alipojua kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu. Kila nikifika na kikapu changu ananiuliza leo namwakilisha nani, nami namjibu kwamba leo naliwakilisha tumbo langu, kwa hiyo anipimie vizuri. Wenzake wanacheka na mkono wake wa kupimia unakuwa mwepesi. Nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya itifaki, hiyo ni pensheni ya pili ambayo hakuna aliyewaambia habari zake, na mimi naipokea kwa mikono miwili.

Jina langu ni Zaitun. Nilizaliwa katika kambi ya polisi upande wa Nakawa. Baba alikuwa sajini, Mwislamu wa Arua, na mama Mkatoliki wa Gulu. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo wazazi wangu waliweza kugombana kwayo bila mmoja kumzidi mwenzake. Kiswahili hicho cha kambini ndicho kilichonipa kazi, maana ofisi ya itifaki ya serikali pale Nakasero ilikuwa inatafuta mtu wa kupokea wageni kutoka nchi jirani, na wasichana wengi waliosoma kuliko mimi walikuwa wanakionea haya, eti ni lugha ya askari.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi: nilifika mahali ambapo mtu mwingine alitakiwa kufika. Mkubwa wetu, ambaye sitamtaja, alikuwa kiongozi wa juu serikalini, na kila siku alialikwa kwenye mazishi, harusi, mahafali, uzinduzi wa visima na kutunukiwa kwa askari wastaafu. Mtu mmoja hawezi kuwa kila mahali. Kwa hiyo palikuwa na mwakilishi, na kwa miaka mingi mwakilishi huyo nilikuwa mimi. Waswahili wanasema mjumbe hauawi, na ni kweli, mimi ni mzima. Lakini hakuna methali inayosema mjumbe hazomewi. Nimeshuka kwenye gari mara nyingi, nikaona nyuso zimejaa furaha, kisha zikatambua kwamba aliyeshuka ni mimi, furaha ikapotea hapo hapo. Msipoweza kuvumilia dakika hiyo, nendeni mkafanye kazi ya benki.

Aliyenifundisha ni Mzee Kaweesa, Muganda mfupi, mnene kidogo, mwenye suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Ujanani mwake alipelekwa Uingereza kwa mafunzo, na huko aliona kitu ambacho hakukisahau. Kila jimbo la huko lina mtu wa kumwakilisha malkia. Mzee Kaweesa alimwona mmoja akifika kwenye mji mdogo, mvua inanyesha, amevaa sare nyeusi na upanga kiunoni, amekuja kumpa nishani mama aliyewapikia watoto wa shule maisha yake yote. Hakuwa na mamlaka ya kumfunga mtu wala kumwachilia, na hata mshahara hakuwa nao. Lakini alipofika, watu wote walisimama, na yule mpishi alilia. Mchana, alituambia Mzee Kaweesa, alimkuta mtu yule yule amevua sare, yuko katika koti la kawaida, anamsaidia jirani kusukuma gari lililonasa kwenye tope.

Hadithi hiyo aliirudia mara nyingi hadi tukawa tunaimalizia sisi. Siku zile niliiona ndefu bure. Baadaye ndiyo iliyoniokoa, kama mtakavyoona.

Alikuwa na amri zake. Ya kwanza ni kwamba ukifika wewe amefika yeye, kwa hiyo fika vizuri. Ya pili ni kula kwanza nyumbani, kwa sababu chakula cha sherehe za Uganda kinatangazwa mchana na kinaletwa jioni, na mwakilishi mwenye njaa husoma hotuba mbio mbio. Ya tatu ni viatu. Visigino vyembamba acheni kwa maharusi. Mazishini ardhi imechimbwa na mvua imepita, na nimemwona mwakilishi mwenzangu, mrembo kweli, akizama polepole wakati padri anaomba, hadi akawa mfupi kuliko mtu aliyesimama nyuma yake. Nyinyi chukueni viatu bapa, vyeusi, na jozi nyingine ibaki kwenye gari.

Kuhusu nyimbo za taifa, jueni hivi. Wimbo wetu ni mfupi sana, na mgeni mzito wa kuinuka anaweza kukuta umeisha yeye angali nusu. Mwashirieni mapema. Ukija ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao ni wa Kiswahili, wakubwa wengi wa Kampala husogeza midomo tu. Hapo ndipo mimi nilipojilipa. Niliuimba kwa sauti ya kambini, kila neno mahali pake, na waheshimiwa wakanifuata kama watoto wa shule. Msione haya kuringa kidogo mkipata nafasi ya halali.

Hotuba nayo ina mitego yake. Mkubwa anaandikiwa hotuba akidhani atakwenda mwenyewe, kisha hotuba hiyo hiyo anapewa mwakilishi ambaye hana muda wa kuipitia. Amri ya Mzee Kaweesa ilikuwa tusibadili hata neno moja, kwa sababu maneno si yetu. Basi kwenye mahafali ya chuo fulani nikasimama mbele ya umati, nikasoma kwa utulivu mkubwa kwamba mimi na mke wangu mpenzi tunawapongeza wahitimu wote. Hema zima lilicheka. Bibi mmoja wa Kiganda aliyeketi mbele alishika kichwa akasema, banange, yaani jamani, dunia imebadilika. Nilingoja wakanyamaza, nikaendelea na sentensi iliyofuata kama mtu ambaye mke wake yuko nyumbani anapika. Jioni Mzee Kaweesa alicheka hadi akatoa leso, kisha akaniambia kwamba kungoja kule ndiko kulikoonyesha kuwa nimeiva.

Lakini yale yalikuwa ya kuchekesha. La Mzee Ondoga halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

Mzee Ondoga alikuwa askari mstaafu wa jeshi, mtu wa Arua kama baba yangu. Zamani aliwahi kukaa jirani na kambi yetu, akicheza dama na baba Jumapili. Jina lake lilikuwa limesahaulika kwenye nishani za utumishi mrefu, na binti yake Maria alizunguka ofisi baada ya ofisi hadi viatu vikaisha soli. Hatimaye nishani ikakubaliwa. Ingetolewa Nakawa, uwanjani, pamoja na za wastaafu wengine, na Mkubwa mwenyewe alikuwa ameahidi kuja. Kisha ukaja ugeni kutoka nje, Mkubwa akatakiwa uwanja wa ndege wa Entebbe kuupokea, na kazi ikaangukia kwangu.

Sasa hapa kuna ufundi ambao watu hawaujui. Nishani haichomwi kifuani siku ya sherehe. Ukijaribu kumchoma mtu pini mbele ya kamera, mkono unatetemeka, unamdunga, na picha inatoka mzee amekunja uso. Mzee Kaweesa alitufundisha kwenda nyumbani kwa mtu kabla, kumshonea ndoano ndogo kwenye koti, upande wa kushoto, juu kidogo ya mfuko. Siku yenyewe unatundika tu, unarudi nyuma hatua moja, basi. Na ukishona koti la mtu sebuleni kwake unajua mambo yake: kama anasikia, kama anaweza kusimama, kama mkewe yu hai.

Nilimkuta Mzee Ondoga amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, miguu imevimba, fimbo magotini. Maria akaleta koti. Nikajitambulisha kwa jina la ofisi tu, nikatoa sindano. Alipouliza Mkubwa atafika saa ngapi, nikamwambia kwamba nitakuja mimi kwa niaba yake. Aliigeuza fimbo yake magotini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Wakati ile waliniita vita," akasema, "mimi hapana tuma mwakilishi. Nilienda mimi mwenyewe, na miguu yangu hii."

Nikabaki na sindano hewani. Akaongeza kwamba nishone tu, koti ni mali ya Maria aliyelinunua, lakini ndoano itabaki tupu. Nikashona. Sikujua la kufanya zaidi ya kushona vizuri.

Maria alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku ile aliyatumia yote. "Dada, kaka zangu wanamrudisha Arua mwisho wa wiki. Baba akikataa mbele ya watu, hawatampa tena. Na mwaka mwingine hatafika." Kisha akarudi ndani haraka, asije akaitwa na baba yake.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirika, na niwaambie ukweli, sikujua nimkasirikie nani. Baba yangu alizikwa kofia yake ya polisi tu ikiwa juu ya jeneza. Hakuna aliyekuja, mkubwa wala mwakilishi. Nilijua kile kifua cha mzee kinataka nini, maana niliwahi kuona kingine kikifukiwa kitupu.

Siku ikafika. Hema zimefungwa, bendi ya polisi iko tayari, jua la Nakawa linachoma. Mimi nimevaa gauni refu la gomesi, la bluu, na utepe mpana wenye rangi za bendera, kutoka bega hadi kiunoni, umeshikwa na pini begani. Utepe ule ndio uliokuwa cheo changu. Ukiuvaa wewe si Zaitun tena, na kwa hilo Mzee Kaweesa alikuwa mkali kuliko jambo lolote. Alizoea kusema kwamba mwakirishi, ndivyo alivyolitamka, hapigi magoti, hata kwa bibi wa miaka mia, kwa sababu nchi haipigi magoti.

Mshereheshaji akasoma majina. Wazee wakaja mmoja mmoja, nikawatundikia, wakapiga saluti, bendi ikapiga kidogo. Kisha akaita jina la Mzee Ondoga. Mzee alikuwa mstari wa mbele, koti lake limepigwa pasi, mikono miwili juu ya fimbo. Hakuinuka. Mshereheshaji akaita tena, akidhani mzee hasikii. Maria akainama kumnong'oneza, na mzee akatikisa kichwa, mara moja, mbele ya watu wote. Minong'ono ikaanza. Nyuma yangu nikamsikia ofisa mmoja akisema tumruke, tuite anayefuata.

Nilimwangalia Mzee Kaweesa, aliyekuwa karibu kustaafu na ameketi pembeni. Hakuniashiria lolote. Nikakumbuka yule Mwingereza wa mvuani, na zaidi ya upanga wake nikakumbuka lile gari kwenye tope. Asubuhi alikuwa mjumbe wa malkia, mchana akawa jirani, na watu wa mji ule walimpokea kwa yote mawili.

Nikashuka jukwaani. Nilipofika mbele ya Mzee Ondoga nikafungua pini, nikauvua utepe, nikampa Maria aushike. Kisha nikapiga magoti kwenye nyasi, nikamsalimia kwa Kilugbara, lugha ya Arua, kama baba alivyonifunza kuwasalimu wazee wa rika lake. Heshima si utumwa. Nilisikia kamba za bendera zikigonga mlingoti.

Mzee akaniinamia, akaniangalia kwa makini kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mtoto ya nani?"

"Mtoto wa Sajini Juma, wa kambini. Mliyekuwa mnacheza naye dama."

"Juma." Alilishika jina hilo kidogo. "Alikuwa anaiba kete." Kisha uso ukarudi kuwa mgumu. "Mkubwa yako iko wapi?"

Nilikuwa na sababu nzuri, zimepangwa tayari, za wageni na Entebbe. Sikuzitumia. Nilimwambia, "Hakuja, baba. Kwa hilo sina la kumtetea. Mimi nimekuja." Nikainuka, nikachukua utepe kwa Maria, nikauvaa, nikafunga pini, nikanyoosha mgongo. "Na sasa ni nchi imekuja. Imekuja mpaka kwenye kiti chako."

Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alinitazama kuanzia viatu hadi utepe. Kisha akaweka fimbo chini, akaushika mkono wa Maria, akaanza kuinuka. Miguu ile iliyovimba ilichukua muda wake, na hakuna aliyethubutu kumsaidia zaidi, maana ilionekana wazi kwamba hataki. Aliposimama sawasawa aliuachia mkono wa binti yake. Nikatundika nishani kwenye ndoano, ikakaa. Nikarudi nyuma hatua moja. Akapiga saluti, saluti ya zamani, mkono unapanda polepole na kushuka ghafla, na mimi nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, nikilia bila kujificha. Kabla hajaketi akaniambia kwa sauti ndogo, "Ndoano ulishona mzuri."

Ofisini hawakufurahi wote. Palikuwa na waliosema nimeidhalilisha serikali, nimevua alama ya nchi hadharani na kupiga magoti mbele ya kamera. Niliitwa kujieleza mbele ya Mkubwa. Mzee Kaweesa aliingia nami bila kuitwa, na yeye aliyeapa kwamba nchi haipigi magoti akawaambia, "Aliyepiga magoti ni Zaitun. Nchi ilikuwa inamungoja imeshikwa na Maria. Utepe iko na pini, na kitu iko na pini inafunguka. Kweri mnataka nini?" Mkubwa alikuwa akizitazama picha. Aliuliza tu kama mzee alisimama mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akazirudisha picha mezani, mambo yakaishia hapo. Nilitembea korido za Nakasero siku ile kama mtu aliyepewa nishani yeye.

Mzee Ondoga alirudishwa Arua na koti lake. Aliishi kidogo kuliko tulivyoomba. Habari za kifo zilipofika, Mkubwa alitaka kwenda mazishini yeye mwenyewe; kura zilikuwa zinakaribia, na picha za mzee yule akisimama zilikuwa zimezunguka nchi nzima. Gari likaandaliwa, hotuba ikaandikwa. Kisha Maria akapiga simu ofisini, akawaambia kwa adabu zote kwamba familia inamshukuru sana Mkubwa, lakini marehemu aliacha neno. Alisema asije mkubwa. Aje mwakilishi.

Nilidhani Mkubwa atakasirika. Alicheka, akavua miwani, akaniambia, "Basi nenda. Na useme nimekutuma, hata kama safari hii wamekutuma wao."

Vijana wangu, nimezomewa, nimepewa viti vya nyuma, nimesalimiwa na watu huku wakichungulia nyuma yangu kumtafuta mwingine. Kazi hii ni ya kujaza nafasi ya mtu asiyekuwepo, na mimi nimeifanya maisha yangu yote bila kuionea haya. Lakini ile siku moja nilifika mahali ambapo aliyengojwa nilikuwa mimi. Kijiji kizima cha Mzee Ondoga kilikuwa kimesimama kando ya njia, na nyuso zao hazikubadilika niliposhuka kwenye gari.

Maria alinipokea, akanipeleka hadi kwenye jeneza. Koti lilikuwa limekunjwa juu yake, na nishani imetundikwa pale pale nilipoitundika, kwenye uzi wangu. Nikafungua pini begani. Nikampa Maria utepe, nikapiga magoti, nikamsalimia mzee kwa Kilugbara, nikamwambia na huko amsalimie baba, wacheze dama, amchunge kete. Kisha nikainuka, nikauvaa utepe tena, nikanyoosha mgongo, nikamuaga kwa niaba ya nchi.